Siku Tuliyoigeuza Njia ya Mighafu

Nyinyi mnaoanza kazi hii ya kutengeneza njia za kutembea, niwaambie aibu yangu moja mapema, msije mkaisikia kwa wengine. Niliwahi kufuta alama ya rangi kwenye jiwe mara nne kwa sababu niliiona imeinama upande wa kushoto. Kumbe jiwe ndilo lililoinama, alama ilikuwa sawa. Nilitoka nyumbani Hail, kitongoji cha Maskati, na mafuta ya taa na kitambaa, zaidi ya saa nzima kwa gari, nikaifuta, nikaipaka upya, nikarudi. Nilipokaa kula chakula cha mchana nikaanza kujiuliza kama ile ya kwanza haikuwa nzuri zaidi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa na daftari la makosa yangu na daftari jingine la makosa niliyodhani nitayafanya. Sasa goti limegoma na nimestaafu, na mikebe yangu ya rangi mnayo nyinyi. Kwa hiyo someni hii kabla hamjaifungua.

Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Miaka ile ya tisini hapa Maskati haikuwa na shule, wala haikuwa na jina. Bwana Khalfan, mzaliwa wa Unguja kama baba yangu, alikuwa na ofisi ndogo ya kutembeza wageni kule Matrah, ngazi chache juu ya duka la vitambaa. Aliniajiri nijibu simu, kwa sababu nilijua Kiarabu, Kiswahili, na Kiingereza cha kutosha kuombea radhi. Wageni wakawa wanapiga simu na swali lile lile: hakuna mahali pa kutembea kwa miguu?

Nikampelekea Bwana Khalfan swali hilo.

"Watembee wende wapi?" akauliza.

"Popote. Wanazunguka tu, kisha wanarudi pale pale walipoanzia."

Akaivua miwani. "Kwani wamesahau kitu?"

Lakini alikuwa mfanyabiashara, na baada ya simu ya kumi akaniambia, "Haya, katafute huo mzunguko wako. Ukipata, ni kazi yako. Usipopata, simu hiyo hapo, inakusubiri." Vijana, hamjui nilivyoichukia simu ile. Kila ikilia nilihisi nimekosea jambo. Kwa hiyo mzunguko ule kwangu ulikuwa mlango wa kutokea.

Nikajifunza kwa kitabu. Bibi mmoja Mwingereza aliyekuwa anahama mtaa wa Madinat Sultan Qaboos alikuwa akiuza vitu vyake nje ya nyumba, na katikati ya masufuria nikakiona: kitabu cha matembezi ya mashambani, cha kwao, chenye ramani za mizunguko. Misitu ya kale, halafu nyanda za vichaka vifupi, halafu kurudi kwenye gari. Nilikisoma mpaka kikaachia kurasa. Kilisema mtembezi aanzie msituni asubuhi, kisha atoke kwenye uwanda wazi jua likishapanda, ili lipate kumpasha moto.

Sentensi hiyo niliipigia mstari kwa rula. Isomeni tena nyinyi, maana mimi sikuisoma tena.

Mahali nilipapata baada ya miezi ya kuhangaika, kwenye kijiji kimoja chini ya milima, ambacho sitakitaja kwa sababu wenyewe hawapendi. Nje ya mashamba ya mitende kulikuwa na msitu wa mighafu. Kama hamjakaa chini ya mghafu wa zamani, nendeni. Ni mti mgumu wa nchi kavu, una gome lililopasukapasuka na majani madogo yaliyoinamia chini. Ile ya kijiji kile ilikuwa imeshachoka kusimama. Mingine ililala ubavu kisha ikainuka tena, shina likawa kama kiti. Hakuna pale kijijini aliyejua nani aliiona ikiwa midogo. Ukitoka msituni unapanda kilima cha mawe, unaangukia uwanda mpana wa changarawe na vichaka vya kufika magotini, harufu yake kama dawa, na huoni kitu mpaka mlimani. Halafu njia inashuka, inafuata falaji, yaani ule mfereji wa mawe unaoleta maji kijijini, na kukurudisha ulipoacha gari. Saa tano za kutembea pole pole.

Niliupima mzunguko ule kwa gurudumu la kupimia, lile la mpini mrefu lenye kisanduku kinachohesabu mita. Miezi mitatu nililisukuma. Kila hatua hamsini nilipaka alama, kwa rula, nyeupe juu na nyekundu chini. Niliandika saa ya kufika kila mahali: mighafuni saa moja na nusu asubuhi, uwandani saa tatu, falajini saa tano kasoro dakika kumi. Penye kona ya falaji palikuwa na ukuta uliobomolewa na mafuriko, na daftarini niliandika hivi: "Magofu. Hapana mtu. Pazuri kwa picha."

Ilipobaki siku tisa kundi la kwanza lije, nikaona kasoro moja tu. Gurudumu lilikuwa linalia. Kwii, kwii, kwii, tangu siku ya kwanza. Nikafikiri, mgeni akilisikia atasema hawa watu hawajui kazi. Nikachukua chupa ya mafuta ya cherehani ya mama, nikalipaka mpaka likawa kimya kabisa. Nilifurahi, wallahi. Nikaenda kuupima mzunguko mara ya mwisho.

Saa tano kasoro dakika kumi nikaipinda kona ya falaji.

Walikuwa wanawake watano au sita. Sikuhesabu, namshukuru Mungu. Mikono ilikuwa wazi mpaka mabegani, nywele zimefunguliwa, nguo zimetandazwa kwenye mawe. Mmoja akapiga ukelele, beseni likapinduka, na kitu kilicholowa maji kikanipiga usoni. Nikageuka huku nimejifunika macho, nikakanyaga hewa, nikaingia falajini na gurudumu langu.

Nilipotoka, nimewapa mgongo na ninachuruzika maji, nikasikia sauti ya mwanamke mtu mzima, kwa Kiswahili cha Pemba.

"We! Hodi yako iko wapi leo?"

"Hodi gani, mama?"

"Ile kwii kwii yako! Miezi mitatu ukija twakusikia toka juu huko. Twakusanya ndoo, twajificha mitendeni kama wezi, mpaka upite na madude yako. Leo umeinyamazisha, ulikuwa wataka nini?"

"Nimeitia mafuta," nikasema.

"Kaitia mafuta!" Akawatafsiria wenzake kwa Kiarabu. Mmoja akacheka, akanyamazishwa.

Aliyeniuliza hodi alikuwa Bi Zuwena. Alizaliwa Wete, akaja Omani bado msichana, na alikuwa dada mkubwa wa sheikh wa kijiji. Nyuma ya ukuta ule palikuwa bafu la wanawake tangu enzi za bibi zao. Mafuriko yaliubomoa ukuta, mahali hapakuachwa. Kila siku, wakishamaliza mikate, mbuzi na watoto wa shule, walishuka pale saa nne mpaka adhuhuri, kufua na kuoga na kuzungumza. Na mimi kwa hesabu zangu zote nilikuwa nimepanga kuwafikisha wageni kumi na moja pale, wanaume kwa wanawake, kimya kimya, na kamera mkononi.

Sheikh alinipokea vizuri. Alinimiminia kahawa, akanisogezea tende, akaniuliza habari za baba.

"Njia yako nzuri," akasema. "Lakini imefungwa."

Nikamwambia tutapiga hodi. Nitatangulia mimi, nitaita kwa sauti kubwa.

"Wanawake wetu wameshaondoka mahali pao kwa ajili yako miezi mitatu," akanijibu taratibu. "Hawataondoka tena."

Njia nyingine hapakuwa. Upande mmoja mashamba ya watu, upande mwingine jabali. Nikarudi Matrah. Bwana Khalfan alisikiliza, akatikisa kichwa. "Khalas, imekwisha. Tutawapeleka ngomeni, wale samaki, wapige picha." Akaisogeza simu upande wangu, bila ubaya. Ikalia pale pale.

Hapa niseme kweli. Nilitaka kuacha kila kitu. Nililifungua daftari la makosa niandike kosa lile, nikashindwa kujua niliandike vipi. Niliangalia kila jiwe la njia ile, ila sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja wa pale: hapa nani hupita, na saa ngapi? Nilikuwa naogopa kuonekana sijui.

Kesho yake nikachukua kifuko cha halwa nikaenda kuomba radhi. Nilimkuta Bi Zuwena ukingoni mwa mighafu, amekaa juu ya shina lililolala, mbuzi wake wanaokota maganda ya mbegu chini. Alipokea halwa kabla ya salamu.

"Umekuja bila gurudumu," akasema. "Basi umekuja mwenyewe."

Nikaomba radhi. Niliyatayarisha maneno garini, marefu, akanikata katikati.

"Nnakuuliza kitu, mwanangu. Kwa nini watu wako waanzie huku mighafuni? Saa moja ya asubuhi nani ataka kivuli?"

"Kitabu kinasema waanzie msituni, halafu watoke juani."

"Kimeandikwa wapi hicho kitabu?"

"Uingereza."

"Ndiyo. Kimeandikwa na mtu aonaye baridi." Akalamba halwa kidoleni. "Sasa we wawachukua watu, kungali na ubaridi wawakalisha kivulini. Jua likishawaka, wawapeleka uwandani wakaangwe. Halafu waja kutukaanga na sisi. Mbona huanzii falajini? Saa moja pale utakutana na vyura tu. Upande uwandani kungali na upepo, ushuke mighafuni jua likiwa kali. Wakati huo sisi tuko kwetu, na nyinyi mko kwenu."

Miezi mitatu, vijana! Madaftari mawili, rula, dira, gurudumu, na sikuwahi kufikiria kwamba mduara una pande mbili za kuuanzia.

Alinipeleka kwa sheikh mwenyewe, akazungumza yeye. Sheikh akafikiri kwa vikombe viwili. Kisha akaniambia, "Kundi moja. Mwanamke mmoja akiinua ndoo yake kwa ajili yenu, msirudi."

Zilibaki siku saba, na alama zangu zote zilitazama upande usiofaa. Hili mlishike, maana kila anayejifunza peke yake hulikosea: ukipaka alama huku unatembea upande mmoja, mtu anayetoka upande wa pili haoni kitu ila mawe. Ilibidi nizisugue zote kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, kisha nipake upya nikienda kinyume.

Siku ya kwanza ya kupaka, Bi Zuwena akaja nyuma yangu na mbuzi. Nilikuwa nimeinama na rula, nahesabu hatua hamsini.

"Hapa njia ngapi?" akauliza.

"Moja, Bi Zuwena."

"Sasa waniambia nini na rangi yako? Nimeshajua." Akanivuta mpaka mbele kidogo, njia ya mbuzi ilipokatana na njia ya watu. "Na hapa?"

"Mbili."

"Hapa ndo umenyamaza."

Ilikuwa kweli. Njia panda iliangukia hatua ya thelathini, kwa hiyo sikuipa alama. Kutoka siku hiyo niliiweka rula mfukoni. Alama huwekwa pale mtu atakaposita. Weka moja kabla hajasita, na nyingine hatua chache mbele, imwambie hukukosea. Futa vumbi la jiwe kwa kitambaa kilicholowa, liache likauke, ndipo upake, la sivyo rangi hubanduka kama gamba. Usipake jiwe ambalo mbuzi hupenda kulisimamia. Hilo nalo alinifundisha yeye, baada ya mbuzi wake kushuka na kwato nyekundu na kwenda kuchora njia yao wenyewe.

Siku hizi mna vile vyombo vya mkononi vya kupokea satelaiti. Nilipopewa cha kwanza, miaka ya elfu mbili, nilikipenda, na bado nakipenda. Kitakwambia uko wapi mpaka mita chache. Ila hakitakwambia nani yuko pale, na anafanya nini.

Nilimaliza siku moja kabla ya kundi. Mzunguko wa zamani ulikuwa na alama mia mbili na arobaini. Huu ulikuwa na hamsini na nane.

Siku yenyewe basi lilichelewa. Dereva alikosea kutoka kwenye mzunguko wa barabara akatupeleka nusu ya njia ya Sib. Nilikaa kiti cha mbele, napiga hesabu: tukichelewa dakika arobaini, falajini itakuwa karibu saa mbili. Bwana Khalfan alikuja pia, amevaa kanzu safi na viatu vipya vya kupandia vilivyokuwa vinambana.

"Tulia," akaniambia. "Unanitia tumbo la kuendesha."

Tukafika. Nikawatangulia kwenye kona ya falaji, nikaita hodi mara tatu. Vyura wakaruka majini. Basi. Tukaupita ukuta uliobomoka, na nikawaomba wageni wasipige picha pale. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Uwandani tulipokelewa na upepo. Vichaka vilikuwa bado na umande, harufu yake ikapanda kila tulipovigusa, na mlima mbele yetu ulikuwa unageuka rangi taratibu. Sikuwa nimewahi kuuona vile. Mimi niliuzoea wa saa nne, mweupe, unaoumiza macho.

Tatizo langu lilikuwa mwalimu mmoja mstaafu, mama wa Kijerumani mwenye fimbo, aliyesimama kwenye kila kichaka. Wenzake walimwacha nyuma, wanamngoja kisha wanaondoka mara tu akifika, bila yeye kupumzika. Nilitaka kumharakisha. Halafu nikakumbuka mbuzi: Bi Zuwena siku zote aliweka mbele yule aliyechechemea. Nikamwomba mama yule aongoze. Kundi zima likashika mwendo wake, hakuna aliyechoka, na tukaacha kusimama ovyo.

Akafika kwenye njia panda, ile ya hatua ya thelathini. Mimi nilikuwa nyuma makusudi. Bwana Khalfan akanong'ona, "Mwambie, atapotea!" Nikamshika mkono. Yule mama alipunguza mwendo, akainua fimbo, akaliona jiwe langu, akakata kushoto. Hakugeuka hata kunitazama. Bwana Khalfan akaniangalia mimi, akaliangalia jiwe, akaniangalia tena.

Tulishuka mighafuni saa tano na robo. Nje jua lilikuwa linapiga changarawe mpaka hewa inacheza. Ndani, kivuli. Wageni walivua viatu, wakajilaza kwenye yale mashina yaliyoinama kana kwamba yaliinamia wao. Mwalimu alifumba macho. Sheikh alikuwa ameshafika, na birika la kahawa na sinia la tende, amekaa upande unaotazama ukuta wa mashamba. Ng'ambo ya ukuta ule, kama hatua mia mbili, ndiko kwenye kona ya falaji. Sheikh hakuwa amekuja kwa ajili ya kahawa. Alikuja kusikiliza.

Tukasikiliza wote watatu, yeye, Bwana Khalfan na mimi.

Mwanzoni sikusikia kitu. Wameinuka, nikasema moyoni. Wametusikia tunashuka, wameinua ndoo, imekwisha.

Halafu ikaja. Pwa. Pwa. Pwa. Nguo iliyolowa juu ya jiwe. Kisha nyingine, ikaingia katikati ya ile ya kwanza. Mtu akacheka kicheko kirefu kisichojizuia. Sauti ya Bi Zuwena ikapanda juu ya zote, kwa Kiarabu, anauliza nani amechukua sabuni yake, na watu watatu wakamjibu kwa pamoja kwamba ameikalia. Maji yakamwagwa. Mmoja akaanza kuimba.

Miezi mitatu nilipita pale na sikuwahi kuisikia sauti ile, maana kila nilipofika niliizima. Sasa watu kumi na wanne tulikuwa hatua mia mbili kutoka kwao, wengine wanakoroma, na wale wanawake walikuwa wanafua.

Sheikh alitujazia vikombe. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri ilipotoka msikitini, na hapo ndipo tulipozisikia ndoo zikiinuliwa, moja moja, bila haraka, na sauti zikiondoka kuelekea majumbani.

Sheikh akaweka kikombe chini.

"Kundi la pili lini?" akamuuliza Bwana Khalfan.

Bwana Khalfan, ambaye alikuwa amevua viatu na anajisugua vidole, akaninyooshea kidevu. "Muulize yeye. Njia ni yake."

Nilifungua mdomo kusema ngoja kwanza nizikague alama zote, labda mara mbili, labda nirekebishe ile ya kilimani.

"Jumatatu," nikasema.